Barua ya wazi kwa viongozi wa afya: Mgonjwa akirudishwa nyumbani, dawa ya maumivu imfuate

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa mwenye dhamana ya TAMISEMI, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, waheshimiwa wabunge na madiwani wetu, Mganga Mkuu wa Mkoa, na waganga wakuu wa halmashauri zetu zote nane.

YAH: MORFINI YA KUNYWA KWA WAGONJWA WA SARATANI WANAOREJESHWA MAJUMBANI

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Ujiji, karani mstaafu wa mizigo katika stesheni ya reli ya Kigoma. Mke wangu, mama wa watoto wetu wanne, amefariki nyumbani kwa saratani ya mlango wa kizazi baada ya kuugua kwa zaidi ya miaka miwili. Arobaini tumeshaisoma, ndugu wa Kasulu na wa Tabora wamerudi makwao, na sasa nimepata utulivu wa kushika kalamu. Siombi fedha wala simshitaki mtu. Ninachokitaka ni kimoja, na nakisema hapa mwanzoni ili anayesoma kwa haraka asikikose: hospitali ikimwambia mgonjwa wa saratani kwamba matibabu yamefika mwisho arudi nyumbani, basi morfini ya kunywa, ile dawa kali ya maumivu, imfuate huko anakorudi, iwe Ujiji, iwe Kakonko, iwe Kalya kule mwisho wa Uvinza.

Kwanza mjue ni nani aliyeondoka.

Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameshafika mwaloni Kibirizi, siku nyingine Katonga, kuisubiri mitumbwi. Alikuwa na vichanja vyake vya kuanikia na vijana wake wa kugeuza, na wateja wake walikuwa Tabora, Kahama, hadi Dar es Salaam, watu wengine ambao hakuwahi kuwaona kwa macho lakini walimtumia fedha kabla ya mzigo kufika. Kalenda yake ilikuwa mwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawazifuati taa, wavuvi hulala makwao, na hizo ndizo siku alizofua mapazia, akatembelea wagonjwa na kufunga hesabu. Mimi niliyelipwa mshahara kwa kuandika sikuwahi kuwa na daftari safi kama lake. Mdomo wake ulikuwa mkali pia, tusidanganyane kwa kuwa amekufa. Mnunuzi akisimama kwenye beseni anachambua dagaa mmoja mmoja bila kutoa hela, alimuuliza, "Baba, unanunua au unapiga ramli?" Watu wa Kibirizi bado wanalisema hilo. Ada za watoto wote wanne zilitoka kwenye vichanja vile. Mshahara wangu ulilisha na kuezeka nyumba, basi.

Ugonjwa ulianza kwa damu isiyo na siku zake. Alikuwa amevuka miaka arobaini, kwa hiyo kwenye zahanati moja akaambiwa ni umri, hedhi inaaga. Mara nyingine akaambiwa ni UTI, akapewa vidonge. Pengine wakasema ni homoni za uzazi wa mpango. Kila jibu lilikuja na dawa yake na kila dawa na bei yake, na hakuna aliyempandisha kitandani akamtazama. Huyu ni mwanamke aliyebeba mimba nne na kuhudhuria kliniki zote, akapeleka watoto kupimwa uzito, akaenda uzazi wa mpango miaka nenda rudi. Kadi zake ninazo, ziko kwenye bahasha ya kaki. Hakuna hata moja yenye mstari unaosema aliwahi kupimwa mlango wa kizazi.

Na kipimo chenyewe, waheshimiwa, si cha kuitikisa hazina. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, na sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Ikionekana mapema huweza kugandishwa au kuunguzwa, na mama akalala kwake usiku huohuo. Tangu kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta saratani hii, kiingie mwilini hadi saratani ijitokeze hupita miaka mingi, mara nyingi kumi na zaidi. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na ndiyo hiyohiyo inayotupa muda mrefu wa kuikamata. Chanjo nayo ipo: ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mtaani kwetu yalienezwa maneno kwamba inawafunga mabinti kizazi. Marehemu, akiwa tayari hawezi kusimama, aliwaita akina mama wenye mabinti chumbani kwake mmoja mmoja, akawaambia, "Niangalieni mimi, halafu mkampeleke mtoto." Walikwenda. Hilo naliacha hapo, maana wapo wanaolisemea vizuri kuniliko.

Alipofika kwa daktari aliyemtazama, ugonjwa ulikuwa umeshapita hatua ya upasuaji. Kwa mtu wa Kigoma mionzi maana yake ni safari: hospitali ya Bugando kule Mwanza, kwa basi kupitia Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, au hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mionzi yenyewe hutolewa kila siku ya kazi kwa wiki tano hivi. Kwa hiyo hata mgonjwa akisamehewa gharama za tiba kupitia ustawi wa jamii, bado kuna nauli, chumba, na chakula cha watu wawili ugenini. Tulienda. Waliomtibu sina neno nao. Walimtibu kwa adabu, alirudi na nafuu, na kwa muda alishuka tena Kibirizi akiwa na kiti chake cha plastiki.

Ukaja mwaka 2024. Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wengi walilalamika. Yeye hakulalamika, alisema dagaa wamekuwa wadogo mno, waacheni wapumzike. Lakini ndiyo miezi ambayo maumivu yalirudi, vichanja vikiwa vitupu, na mtaji wake wote uliishia kwenye dawa na nauli. Ziwa hili nitalirudia.

Siku tuliyoambiwa basi, tuliambiwa koridoni. "Mzee, mrudishe mama nyumbani, mumtunze." Daktari alikuwa kijana, na niliona kwamba naye alikuwa hajui aweke wapi mikono yake. Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa panadol na diklofenaki. Hapakuwa na tarehe ya kurudi, wala namba ya kupiga, wala jina la kituo cha karibu ambacho kingempokea. Kwa faili la hospitali mke wangu alikuwa ameshamalizika siku ile. Kwetu alikuwa hai kwa miezi mingine kadhaa, na miezi hiyo haikuwa ya ofisi yoyote.

Mnivumilie niiseme kidogo, kwa sababu nadhani wengi mnaopanga bajeti hamjakaa kwenye chumba cha namna ile usiku. Hakuweza kulala chali wala kwa ubavu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mto ameukandamiza tumboni, paji la uso kwenye nondo za dirisha kwa sababu chuma kilikuwa cha baridi. Pindo la khanga lilikuwa mdomoni. Aliomba redio iwashwe kwa sauti kubwa ili mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa anajiandaa na mtihani chumba cha pili, asisikie. Jirani mmoja alikuja usiku kulalamikia redio. Nilimkaribisha ndani. Alitoka bila kuitaja redio tena, na kesho yake mkewe akaja na uji.

Panadol haikugusa chochote. Diklofenaki ilimchoma tumbo. Tukapata tramado, ikasaidia wiki chache, halafu ikawa kama maji. Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu wa dawa za maumivu ya saratani tangu mwaka 1986: unaanza na panadol na jamii yake, ikishindwa unapanda kwenye dawa za kati kama kodeini, ikishindwa unapanda kwenye morfini. Sisi tulizuiliwa kabla ya hatua ya tatu, kwa sababu tu ya mahali tunapoishi.

Shemeji yangu, kaka yake marehemu, ndiye aliyechukua kadi na karatasi zake akapanda basi kwenda Mwanza, akarudi na chupa moja ya morfini ya maji. Chupa ya plastiki, dawa yenyewe inaonekana kama maji tu, chungu ajabu. Alikuwa ameelekezwa namna ya kuipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano: kila baada ya saa nne, na ya kulalia iwe maradufu ili mgonjwa asiamke usiku wa manane. Alielekezwa pia kwamba hufunga choo, kwa hiyo apewe dawa ya kulainisha na papai kila siku. Binti yetu mkubwa alibandika karatasi ukutani yenye saa zote na kuweka alama.

Usiku wa kwanza alilala. Mimi sikulala, nilikaa namsikiliza akipumua nikidhani tumempa nyingi mno. Asubuhi alifumbua macho, akauliza gunia la dagaa limefika bei gani. Nikamwambia sijui. Akasema, "Sasa umekaa hapo unanitazama ili iwe nini? Kaulize." Nilikwenda Kibirizi nikauliza, nikarudi nikamwambia, akasema wananiibia. Siku zile alikula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, kidogo, lakini alikula kwa kuomba. Aliwaita watoto akawagawia vitu vyake akiwa na akili zake timamu, akanitajia anaowadai na anaodaiwa nao, jina kwa jina. Deni la mama mmoja wa Katonga alilifuta mbele yetu. Yote hayo ni kazi ya chupa ile.

Chupa iliisha. Ya pili ilichelewa, kwa sababu safari ya Mwanza si ya kwenda sokoni, na kwa sababu sisi nauli ilikuwa imetuishia. Siku za katikati, kati ya chupa na chupa, sitaziandika.

Sasa niwaambie ninachokijua kwa kazi yangu. Nimepokea na kutoa mizigo pale stesheni kwa muda mrefu wa maisha yangu. Reli ile ilifika Kigoma mwaka 1914 na tangu hapo imebeba kila kitu: saruji, bia, soda, mabati, vifaranga hai. Soda ya baridi unaipata hadi vijiji ambavyo gari hukwama masika. Hakuna muujiza. Mzigo husafiri kwa sababu una hati, na hati ina majina mawili, la anayetuma na la anayepokea. Mzigo usio na mpokeaji hauondoki ghalani. Bohari ya Dawa ina ghala la kanda Tabora, kilomita 400 hivi kutoka kwetu kwa reli, na bohari hupeleka kile kituo kilichoagiza. Nilipoulizia kwenye vituo kadhaa kwa nini morfini haipo, jibu lilikuwa lilelile kwa maneno tofauti: hatujawahi kuiagiza. Kwa nini? Hakuna anayeiomba. Nani aiombe, na wagonjwa wake wameshaambiwa warudi nyumbani?

Jibu la pili lilikuwa la hofu, nalo nalisikiliza kwa heshima. Morfini ni dawa inayodhibitiwa, inataka kufuli, daftari na kibali, na mfamasia anaogopa ikipotea atajibu yeye. Wengine wanaogopa mgonjwa atazoea. Mgonjwa mwenye maumivu ya saratani anayepewa kipimo sahihi ni nadra sana kugeuka teja. Hata angezoea, mngekuwa mnamkinga na nini, waheshimiwa, mtu aliyebakiwa na miezi mitatu? Jirani zetu Uganda walilimaliza hili mapema: tangu mwaka 2004 sheria yao imewaruhusu wauguzi na matabibu waliopewa mafunzo ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuandika morfini, na serikali yao huitoa bure. Uganda si nchi tajiri. Na mwaka 2014 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba tiba shufaa iingizwe katika huduma za afya za kila nchi, hadi ngazi ya msingi na majumbani.

Ndiyo maana nikasema nitalirudia ziwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673. Tunaligawana na Kongo, Burundi na Zambia. Mlilifunga. Mlikaa vikao na nchi nyingine, mkatangaza tarehe, mkatoa boti za doria, na mialoni mtu akionekana na dagaa wabichi aliulizwa wametoka wapi. Serikali iliyoweza kuyasimamia maji yote yale kwa miezi mitatu haiwezi kuniambia kwamba kabati moja lenye kufuli, katika hospitali moja ya wilaya, ni jambo gumu.

Ninayoomba si mengi. Kila hospitali ya wilaya katika mkoa huu iwe na morfini ya kunywa kwenye orodha yake ya kuagiza, na awepo mtu mmoja kwa jina ambaye ndiye mpokeaji wake, akihamishwa, akabidhi. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma. Hatuwezi kuwa hatuna wagonjwa. Karatasi ya kumruhusu mgonjwa wa aina hii iwe na mstari wa ziada: kituo kilicho karibu na kwake, na namba ya simu ya anayempokea. Na wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mliuzindua Januari 2024 mkisema watakuwa zaidi ya 137,000 nchi nzima, wafundishwe pia kumuuliza mgonjwa aliyelala ndani swali moja: unaumwa kiasi gani? Kwetu walipita wakauliza kama tuna choo na chandarua. Ni maswali mazuri. Chumba cha pili mlango ulikuwa umefungwa na hawakuwa na fomu ya kuufungulia.

Kuna jambo dogo ambalo nusura niliache kwa aibu, na marehemu angenikataza. Saratani hii hutoa harufu. Ilifika mahali akakataa wageni, hata dada zake, akasema waambieni nimelala. Mwanamke aliyeishi katikati ya watu wa mwaloni maisha yake yote akajifungia. Muuguzi mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, mama mtu mzima aliyekuja kumwona kwa ujirani tu, ndiye aliyemfundisha binti yetu kusaga vidonge vya Flagyl na namna ya kutumia unga wake kwenye pedi. Baada ya siku chache harufu ilipungua sana. Dada zake waliingia, wakakaa kitandani, wakacheka mpaka nikawasikia barazani. Vidonge vile viko kila duka la dawa na bei yake ni ya kawaida kabisa. Hospitalini tulikopita hakuna aliyetuambia, na siamini kwamba walikuwa hawajui. Nadhani tu kwamba haikuwa kazi ya mtu. Hilo nalo liingie kwenye mafunzo.

Najua nitaambiwa kwamba Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nivute subira. Subira ninayo, na bima nitajiunga. Ila bima hulipia kilichopo kituoni. Kama kabati ni tupu, kadi itaonyeshwa kwa kabati tupu. Nitaambiwa pia kuhusu mashine mpya na majengo mapya, na nayafurahia kwa dhati. Wapo watakaopona kwa ajili yake. Barua hii ni ya wale ambao mashine imeshashindwa nao. Hao nao ni wananchi wa mkoa huu hadi siku ya mwisho, na wapiga kura, kama hilo linasaidia kusomwa.

Daftari la mwisho la marehemu, kadi zake na ile karatasi ya saa iliyokuwa ukutani ninavyo nyumbani, na yeyote kati yenu, au msaidizi wake, akitaka kuviona mlango uko wazi. Muuguzi mstaafu niliyemtaja amekubali kufundisha bure, akipewa chumba na barua ya ruhusa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, kwa hiyo mnajua kuliko mimi ni lini orodha za dawa hupangwa. Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi. Kila robo mwaka taarifa ya afya itakapokuwa inasomwa, mimi nitakuwa nimekaa kwenye viti vya wananchi nikisikiliza kama morfini imetajwa, imeagizwa kiasi gani, na imepokewa na nani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Karani mstaafu wa mizigo,
Ujiji, Kigoma.

Nakala: Wafamasia wa hospitali zote za wilaya, Mkoa wa Kigoma.